Kuchagua msumeno wa kukunja kwa ajili ya kambi na kazi za mti

Misumeno mingi ya kukunja unayoikuta dukani ilibuniwa kwa ajili ya watu wa bustani. Kazi yake ya asili ni kupogoa miti ya matunda: tawi bichi, laini, lenye maji, linakatwa mara moja na mtu anahamia tawi lingine. Anayekwenda kambini anakata kitu kingine kabisa. Anakata kuni zilizokauka, na huku kwetu kuni kavu mara nyingi ni za mgunga, mkaratusi, mjohoro au mwarobaini, miti ambayo ikishapigwa na jua miezi kadhaa inakuwa migumu kweli. Ndiyo maana mtu hununua msumeno wa bei kubwa, akafika nao porini, akakuta unadundadunda juu ya kuni na mkono unachoka kabla maji ya chai hayajachemka. Bidhaa ni nzuri, ila meno yake si ya kazi ile.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na mti, unakwenda kwenye meno, halafu komeo linalozuia msumeno usijikunje, ndipo tuzungumze urefu na jina la kampuni. Muuzaji atakuanzishia na jina na urefu. Msikilize, kisha urudi kwenye mpangilio huu.

Kwa nini msumeno wakati panga lipo

Wengi wetu tumekua na panga, na panga lina kazi zake ambazo msumeno hauziwezi: kufyeka, kuchonga haraka, kupasua. Lakini kukata kuni kavu yenye unene wa sentimita 8 kwa panga ni kuipiga mara nyingi huku vibanzi vikiruka usoni, na panga likiteleza linaishia mguuni. Jioni, mwanga ukiwa hafifu na watu wamechoka, ndipo watu huumia. Msumeno mdogo wenye uzito wa gramu 200 hivi unaikata kuni hiyo kwa utulivu, pale pale ulipopima.

Ukishakata, panga linarudi kazini. Simamisha kipande juu ya kisiki, weka makali ya panga juu yake, piga mgongo wa panga kwa kigogo, na kipande kitapasuka kwa kufuata nyuzi zake. Msumeno unakata kupinga nyuzi, panga linapasua kwa kuzifuata. Ukiwa na hivyo viwili, kwa safari nyingi shoka unaweza kuliacha nyumbani.

Hatua ya 1: Jiulize utakata nini, na kama unaruhusiwa

Tuanze na ruhusa, maana inaweza kukuokolea fedha. Ndani ya hifadhi za taifa, Tanzania na Kenya, kukata mti ni kosa. Kwenye njia za kupandia Kilimanjaro hata moto wa kuni hauruhusiwi. Watu wanapika kwa gesi. Kama safari yako ni hiyo, huhitaji msumeno, nunua mtungi. Kwenye misitu ya serikali nchini Kenya, kuokota kuni kavu kunataka kibali cha KFS, yaani shirika la misitu la Kenya. Tanzania, misitu ya hifadhi ya serikali iko chini ya TFS, wakala wa misitu wa huko, na misitu ya vijiji iko mikononi mwa halmashauri za vijiji, kwa hiyo pita ofisini kwa mwenyekiti au mtendaji kwanza. Msumeno wa kambi unapata kazi yake halali kwenye mashamba ya watu waliokukaribisha, kwenye kambi za binafsi zinazoruhusu kuokota kuni, kwenye kambi za skauti, na nyumbani kwako mwenyewe. Na popote ulipo, kata mti uliokwisha kufa na kuanguka. Mbichi hauwaki, na haukuwa wako kuukata.

Sasa unene. Huna haja ya kubeba rula porini, mikono yako inatosha. Ukiikamata kuni kwa mkono mmoja na ncha ya kidole gumba ikagusana na ya kidole cha kati, unene wake ni karibu sentimita 5. Ukiizungushia mikono miwili na vidole vikakutana pande zote, umefika karibu sentimita 10 au 11. Moto wa kupikia watu wanne au watano haudai kuni nene kuliko hapo. Magogo mazito ni ya kukesha, na kambi nyingi hazina sababu ya kukesha na gogo. Kwa hiyo kabla ya kusimama mbele ya kabati la dukani, uwe umeshajua: kazi yangu kubwa iko kati ya sentimita 4 na 10.

Kisha aina ya mti, kwa sababu miti haifanani chini ya meno ya msumeno:

- Mwembe na msonobari hukatika kwa urahisi, ila msonobari una ulimbo unaonata kwenye bapa, yaani chuma chenye meno, hadi msumeno unakuwa mzito kuvuta.
- Mwarobaini uko katikati. Wachongaji wengi wa Kenya wameugeukia, pamoja na mwembe, kwa sababu miti ya zamani ya vinyago imekuwa adimu. Kwa mtu anayejifunza kuchonga kijiko ni mti mzuri wa kuanzia.
- Mkaratusi ukiwa mbichi unakatika vizuri, ukikauka unabadilika kabisa. Mgunga vivyo hivyo, na una miiba juu yake.
- Mninga hukatika safi, lakini vumbi lake huwasumbua watu wengine kifuani. Kata mahali penye upepo na usiinamishe uso juu yake.
- Mpingo, ule weusi wa ndani, ni mzito hata ukitupwa majini unazama. Msumeno wa kukunja utaukata polepole sana na meno yatalipa gharama. Si mti wa kuni, na hauna sababu ya kuwa motoni.
- Mnyaa usiuguse kabisa. Utomvu wake mweupe ukiingia jichoni unaunguza vibaya, na msumeno ndio unaourusha.

Hatua ya 2: Soma meno kabla ya kusoma bei

Hapa ndipo ningependa utumie muda wako mwingi.

Chukua rula. Weka sifuri kwenye ncha ya jino moja, kisha hesabu ncha zinazofuata hadi inchi moja, yaani milimita 25 na ushee. Kampuni nyingi za Ulaya na Marekani hutaja idadi ya meno kwa inchi. Silky ya Japani hutaja idadi kwa milimita 30. Ukiona 8 kwenye Silky, hiyo ni karibu 7 kwa inchi. Ukiona 10, ni kama 8 na nusu. Watu hulinganisha namba hizo mbili bila kujua kwamba vipimo vyake si kimoja, wakadhani wamenunua meno madogo kumbe ni ya kati.

Kwa mti mbichi, meno 5 au 6 kwa inchi ndiyo mazuri. Kwa kuni kavu na ngumu, tafuta 7 hadi 9. Kwa kazi za mikono ambako unataka uso wa mkato uwe laini, 10 na kuendelea. Sababu yake inaeleweka ukitazama kinachotoka. Mti mbichi hutoa unga mzito wenye nyuzinyuzi na maji, na unga huo unahitaji nafasi kubwa kati ya jino na jino, la sivyo unajazana na msumeno unakwama. Mti mkavu hutoa vumbi jepesi ambalo linatoka lenyewe, kwa hiyo nafasi kubwa haina faida. Zaidi ya hapo, jino kubwa kwenye mti mgumu linang'ata kuliko mkono unavyoweza kuvuta, linashtuka, linaruka. Jino dogo linachukua kidogo kidogo na kwenda mbele bila kusimama.

Usiende pia upande wa pili ukachukua meno membamba mno kwa kuni. Utakata, ndiyo, lakini utakata hadi giza liingie.

Sasa inamia karibu, uangalie jino lenyewe. Misumeno ya mtindo wa Kijapani ina meno yenye nyuso tatu zilizonolewa, ndogo na kali sana, na zinakata mti mfano wa kisu. Halafu tazama bapa kwa juu, ukiwa umelielekeza kwenye mwanga. Kwenye misumeno mingi utaona meno yamepindishwa moja kulia moja kushoto, ili njia inayokatwa iwe pana kuliko bapa na chuma kisibanwe. Kwenye mingine, Silky wakiwemo, meno hayakupindishwa. Badala yake bapa limesagwa likawa jembamba kuelekea mgongoni. Mkato wa aina hii ni laini sana, na kwa anayechonga hiyo ni faida kubwa, maana anaanza kazi na uso ulio karibu tayari. Kwa kuni haina maana yoyote.

Angalia pia rangi ya ncha. Kama ncha za meno zina rangi nyeusi au ya bluu tofauti na chuma kingine, zimepashwa moto kwa umeme zikawa ngumu kupita kiasi cha kawaida. Meno hayo hudumu sana, lakini tupa haiyashiki, inateleza juu yake. Yakiisha makali hakuna fundi wa kunoa sokoni atakayekusaidia, hata awe hodari namna gani; unabadilisha bapa zima. Basi kabla ya kulipa uliza: bapa la akiba mnalo, au linaagizwa? Kama jibu halieleweki, hesabu kwamba unanunua msumeno wa kutupwa, na bei yake uipime hivyo. Meno yasiyopashwa hivyo hupoteza makali mapema, ila fundi mwenye tupa ya pembe tatu anaweza kuyarudisha. Meno ya Kijapani yenye nyuso tatu ni habari nyingine. Yanataka tupa nyembamba sana, ambayo mafundi wengi hawana, kwa hiyo usimpe fundi akusaidie kuyaharibu.

Mwisho, mwelekeo. Meno yameegemea upande gani? Yakiegemea mpini, msumeno unakata ukiuvuta. Hii ndiyo hali ya misumeno karibu yote mizuri ya kukunja, na kuna sababu. Chuma kinachovutwa hunyooka chenyewe, kwa hiyo bapa linaweza kuwa jembamba na jepesi. Chuma kinachosukumwa kinataka unene ili kisipinde. Msumeno wa seremala tuliouzoea hapa kwetu unakata ukisukumwa, na mkono wa mtu aliyeuzoea husukuma bila yeye kufikiri. Usukume hivyo msumeno wa kuvuta na bapa litakunjika katikati, na likishakunjika halirudi kuwa lile la mwanzo. Ukimwazima mwenzio, mwambie hilo kabla hujamkabidhi.

Hatua ya 3: Jaribu komeo kana kwamba halifanyi kazi

Msumeno wa kukunja una bawaba, na nyuma ya bawaba kuna vidole vyako. Komeo bovu halitoi onyo. Kwa sababu hiyo mimi huliona kuwa la pili baada ya meno, na msumeno wenye komeo la mashaka siuchukui hata kwa bei ya bure.

Kuna aina nne utakazokutana nazo sana. Ya kwanza ni kitufe kinachobonyezwa pembeni na kujirudisha chenyewe. Bahco Laplander ina komeo la aina hii, na jambo jema ni kwamba linafunga msumeno ukiwa wazi na pia ukiwa umekunjwa, hivyo haufunguki ndani ya begi. Ya pili ni wenzo ulio mgongoni mwa mpini, kama kwenye Silky Gomboy. Wenzo huo una nafasi mbili, bapa likiwa limenyooka au likiwa limeinuliwa kidogo, na nafasi ya pili inasaidia unapokata karibu na ardhi ili vidole visikwaruze chini. Ya tatu ni pete inayozungushwa shingoni mwa mpini, kama ilivyo kwa Opinel ya Ufaransa. Ni imara, ila inakutegemea wewe ukumbuke kuizungusha. Ya nne ni skrubu yenye masikio, ile ya misumeno ya bei nafuu. Hiyo haina komeo hasa. Msuguano ndio unaoshika, na msuguano hupungua kila unapovuta.

Jaribio la dukani ni hili, na muuzaji mwenye nia njema hatakuzuia:

1. Fungua msumeno, sikiliza mlio wa komeo kuingia mahali pake. Kusiwe na haja ya kulisaidia kwa kidole.
2. Shika mpini kwa mkono mmoja, weka mgongo wa bapa, si meno, kwenye ukingo wa kaunta, na ukandamize kwa nguvu kana kwamba unaukunja. Usisogee hata kidogo. Vidole viwe mbali na njia ya bapa.
3. Tikisa ncha ya bapa kulia na kushoto. Mchezo mdogo kwenye bapa refu unavumilika. Ukisikia mgongano kwenye bawaba, rudisha.
4. Tazama kama bolti ya bawaba inakazwa kwa bisibisi au spana. Ile iliyogongelewa kama ribiti haikaziki, na siku ikilegea safari yake imeisha.
5. Kunja na ufungue kwa mkono uliolowa maji, au ukiwa umevaa glavu. Kambini mikono haiwi mikavu na misafi.

Baada ya hapo ukunje, ushike juu chini, utikise. Bapa likichungulia nje ya mpini, utahitaji kuufunga kwa kipande cha mpira wa tyubu kila mara, na siku utakayosahau ni siku ya kulitoboa hema lako.

Hatua ya 4: Urefu

Kanuni ni nyepesi: urefu wa bapa uwe angalau mara mbili ya unene wa kuni unayokusudia kukata. Meno yanayobaki ndani ya mti muda wote hayapati mahali pa kumwaga unga, kwa hiyo yanasugua tu bila kukata. Bapa likiwa na urefu maradufu, kila ukivuta kuna meno yanayotoka nje na kujisafisha.

Kwa hesabu hiyo, bapa la sentimita 12 au 13 linafaa vijiti vya moto mdogo na kazi za mkono. La sentimita 17 hadi 21 linamaliza kazi zote za kambi ya kawaida, na ndipo ningemwelekeza mtu anayenunua msumeno wake wa kwanza. La 24 linakupa nguvu zaidi na bado linaingia begini. Zaidi ya 30 ni msumeno wa kazi, wa mtu mwenye shamba au gari.

Bapa lililopinda au lililonyooka? Lililopinda linajizamisha lenyewe kwenye mti unapovuta, jambo zuri ukikata tawi lililo juu ya kichwa. Lililonyooka linatii zaidi. Kwa kuchonga, kukata pembe kamili, au kuacha mkato wako katikati ya mti pale unapotaka, chukua lililonyooka.

Kama kweli utakata magogo ya sentimita 15 na zaidi kila safari, acha kutafuta msumeno mrefu wa kukunja. Chukua msumeno wa upinde, ule wenye fremu. Ipo inayokunjwa, kama Agawa Boreal 21 ya Canada yenye bapa la inchi 21, na mabapa ya msumeno wa upinde huuzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi kwa urefu wa inchi 21, 24 na 30. Hapo napo soma meno. Bapa lenye meno yanayofuatana bila kukatizwa ni la mti mkavu. Lile ambalo baada ya meno kadhaa kuna pengo lenye jino la umbo tofauti ni la mti mbichi, na jino hilo kazi yake ni kukomba unga.

Kuhusu waya wa kukatia unaouzwa kwenye vifurushi vya dharura: unakatika haraka, unachosha, na sioni sababu ya kuutegemea.

Hatua ya 5: Mpini na rangi

Fupi tu. Mpini ujaze kiganja, uwe na raba au mikwaruzo ya kuzuia kuteleza, na uwe na tundu la kupitisha kamba. Rangi iwe ya kupiga kelele, nyekundu au ya chungwa. Msumeno mweusi ukiwekwa kwenye nyasi jioni unabaki huko. Ukiwa na mpini mweusi, funga utepe mwekundu kwenye tundu.

Mpini wa mti, kama wa Opinel, ni mzuri mkononi, lakini wakati wa masika hunyonya unyevu, unavimba, na bapa linakuwa gumu kufungua. Mwenye kukaa pwani afikirie hilo.

Hatua ya 6: Majina, kwa kifupi na kwa uwazi

Kwa kambi ya kawaida, Bahco Laplander ni chaguo lisilo na makuu: bapa la sentimita 19 lililopakwa rangi nyeusi ya kupunguza kutu, meno 7 kwa inchi, komeo la pande zote mbili. Linakata mbichi na kavu, na bapa lake si jembamba sana, kwa hiyo linamvumilia mtu ambaye mkono wake umezoea kusukuma. Kwa familia au kundi la vijana, ambako msumeno unapita mikono mingi, huu ndio ningewapa.

Silky Gomboy yenye meno ya kati, sentimita 21 au 24, inakata haraka zaidi na kwa usafi zaidi. Ni ya mtu mmoja mwenye mkono mtulivu, na bapa lake linabadilishwa. Pocketboy ni mdogo wake, sentimita 13 au 17, na kwa mchongaji wa vijiko anayetembea kwa miguu sijui wa kuushinda. Opinel namba 12, yenye bapa la sentimita 12, ni nyepesi na ya vijiti.

Ile isiyo na jina, inayoning'inia kwenye maduka ya vifaa Kariakoo au kwenye vibanda vya Nairobi, usiidharau bila kuitazama. Ipitishe kwenye jaribio la komeo na hesabu ya meno. Mingine inapita vizuri. Mingi ina meno makubwa ya bustani na skrubu ya masikio, na hiyo uiache ikakate mipera.

Hatua ya 7: Mkato wa kwanza

Ukishanunua, kaa nao nyumbani kabla ya safari. Weka kuni juu ya kisiki, ikandamize kwa goti au mguu, na mkono unaoshika uwe mbali na bapa kwa shubiri nzima. Ajali nyingi za msumeno hutokea mwanzoni, kabla mfereji haujapatikana, bapa linaporuka na kuufuata mkono unaoshika kuni. Mkono huo ndio uvae glavu, si ule unaoshika mpini. Anza kwa kuvuta taratibu mara mbili tatu, bila uzito, ukitumia meno yaliyo karibu na mpini. Mfereji ukishapatikana, ongeza urefu wa mvuto hadi utumie bapa zima. Vuta kwa nguvu, rudisha kwa wepesi. Karibu na mwisho punguza, maana kipande kikianguka ghafla bapa hushuka pamoja nacho.

Kuni ikiwa imelala juu ya mawe mawili na katikati ni tupu, usikate katikati kutoka juu. Uzito wake utaibonyeza na kubana bapa. Kata kutoka chini, au kata nje ya jiwe ambako ncha inaning'inia. Tawi linaloning'inia anza nalo chini kidogo, theluthi ya unene, kisha malizia juu. Bila hivyo litaanguka na kuchuna gome hadi kwenye shina. Na bapa likibanwa, usilivute kwa nguvu. Inua kuni kwa mguu mkato ufunguke, kisha litoe.

Zoezi zuri la kujifunza kutumia msumeno na kisu pamoja ni kigingi cha hema. Chukua kijiti kikavu cha unene wa kidole gumba na nusu, urefu wa shubiri moja na nusu. Vidole vinne kutoka juu, kata kwa msumeno kupinga nyuzi, uingie theluthi moja ya unene, basi, usiendelee. Sasa shika kisu, anzia chini ya mkato huo, na uchonge kwa mteremko ukielekea kwenye mkato. Kila kibanzi kikifika pale kinakatika chenyewe, kwa sababu nyuzi zimeshakatwa na hazina pa kuendelea. Umepata pembe safi ya kushika kamba. Chonga ncha ya chini, punguza kingo za juu ili isipasuke ukiigonga. Mkato ule mmoja wa kuzuia ndio msingi wa kazi nyingi za mti: shingo ya mwiko, ndoano ya kutundikia sufuria, kiungo cha kigoda.

Matunzo na safari

Kila jioni futa bapa kwa kitambaa kikavu, pitisha tone la mafuta ya cherehani kwenye bapa na bawaba. Mafuta ya kupikia yakikaa yanageuka gundi. Ulimbo wa msonobari unatoka kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, mbali na moto. Pwani, hata msumeno usiotumika unashika kutu kwa hewa ya chumvi, kwa hiyo upake mafuta kabla ya kuuweka. Mchanga ukiingia kwenye bawaba, fungua bolti, safisha, kaza tena hadi bapa lifunguke kwa ugumu kidogo. Usikate kuni iliyozama kwenye udongo bila kuipangusa. Punje za mchanga hula ncha za meno haraka kuliko mti wowote.

Ukisafiri kwa basi, weka msumeno ndani ya begi katikati ya nguo. Kwenye ndege unaingia kwenye mzigo unaokabidhiwa, kamwe si kwenye mkoba wa mkononi. Na bapa la akiba lifunge kwenye kadibodi iliyokunjwa, uzungushie utepe, ncha ikiwa imefunikwa pande zote mbili.